Maji yametoka, ugonjwa umebaki: dawa za moyo kati ya kitabu na kitanda

Katika mashimo ya Fizi, mwenye miguu iliyovimba anapewa dawa ya kukojoa, anapata nafuu, anarudi kazini. Kitabu cha madaktari wa moyo kinasema hapo ndipo matibabu yanaanza. Hata Ulaya na Marekani, madaktari wenyewe hawakifuati kitabu hicho sawasawa. Familia ya mchimbaji inaweza kufanya nini?

Tuchukue mchimbaji mmoja wa Misisi. Hatumpi jina, juu kila familia inayoishi kwa mashimo inamjua mutu wa namna hii. Ana miaka 45. Mwezi mzima sasa hawezi kupanda kutoka shimoni bila kupumzika mara tatu. Usiku analala ameketi, juu akilala chali pumzi inakatika. Miguu imevimba: ukiibonyeza kwa kidole, kunabaki kishimo. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema ni figo, wengine minyoo.

Mwishowe anapandishwa kwenye pikipiki, anapelekwa hospitali. Anachomwa sindano ya furosemidi, ile watu wengi wanaita Lasix. Anakojoa siku mbili, miguu inakauka, analala vizuri. Anapewa vidonge vya wiki mbili. “Nimeisha pona,” anasema, na anarudi kwenye kare. Vidonge vinaisha, hanunui vingine. Baada ya miezi miwili analetwa tena, na safari hii hali ni mbaya kupita ya kwanza.

Sindano ile haikuwa kosa. Ilikuwa nusu ya kazi. Maji yametoka, lakini ugonjwa umebaki.

Moyo ni pampu

Kwenye karatasi ya hospitali utakuta imeandikwa insuffisance cardiaque. Kwa Kiswahili tunasema moyo umeshindwa kazi, ingawa haujasimama. Unapiga bado, lakini hausukumi damu ya kutosha.

Mchimbaji anaelewa jambo hili haraka kuliko mutu wa ofisi. Shimo likiingia maji, mnawasha motopompe. Motopompe ikichoka, maji yanapanda. Mnaweza kuchota kwa ndoo, na lazima mchote ili watu wasizame. Lakini kama hakuna aliyetengeneza mashini, kesho maji yako palepale. Lasix ni ndoo. Inaondoa maji miguuni na mapafuni, inaleta pumzi. Mashini haiitengenezi.

Na mashini iliyochoka haitengenezwi kwa kuizidishia mafuta ili ikimbie. Madaktari wenyewe walichukua miaka mingi kulikubali jambo hilo. Zamani dawa zinazopunguza mbio za moyo zilikatazwa kwa mgonjwa wa namna hii; ilionekana kama kumpiga mutu aliyeanguka. Leo ni kati ya dawa zinazomuokoa.

Kitabu kinasema nini

Wataalamu wa moyo wa Ulaya walitoa mwongozo wao mpya mwaka 2021, na wenzao wa Marekani wakafuata mwaka 2022. Kwa moyo uliolegea, unaosukuma damu kidogo, miongozo hiyo yote miwili inataja makundi manne ya dawa, ambayo waganga wengi wanayaita nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni enalaprili na ndugu zake. Zinafungua mishipa ili moyo usisukume mzigo mzito. Tangu mwaka 1987, utafiti wa Sweden, Norway na Finland ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi waliopewa enalaprili walikufa kwa uchache kuliko wenzao wasioipata.

Ya pili ni bisoprololi au karvediloli, zinazotuliza mapigo. Ya tatu ni spironolaktoni. Mwaka 1999 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba kuongeza spironolaktoni kunapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 30. Ya nne ni mpya: dapaglifozini au empaglifozini, dawa zilizoanza kama dawa za kisukari. Mwaka 2019 ilithibitishwa kwamba dapaglifozini inasaidia moyo hata wa mutu asiye na kisukari.

Na Lasix je? Iko kwenye kitabu pia, kwa kazi yake: kutoa maji. Haimo katika nguzo nne.

Kitabu kinasema jambo moja zaidi, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Dawa hizi zinaanzwa kidogo, kiisha zinapandishwa. Bisoprololi inaanza na miligramu 1.25 kwa siku, na lengo ni miligramu 10 kama mwili unakubali. Hiyo ni mara nane. Mgonjwa anayebaki mwaka mzima kwenye dozi ya kuanzia ameonja dawa tu, hajaimaliza safari.

Je, madaktari wa moyo wanakifuata?

Mutu wa Baraka anaweza kufikiri kwamba kule kuliko na mashini na madaktari wa moyo, kila mgonjwa anapata kila kitu kama ilivyoandikwa. Hesabu zinasema vingine.

Katika nchi 11 za Ulaya, watafiti walifuatilia wagonjwa 2,516 ambao madaktari wao walikuwa wametakiwa waziwazi kupandisha dozi. Ni asilimia 22 tu waliofika kwenye dozi kamili ya enalaprili na ndugu zake. Kwa dawa za kutuliza mapigo, waliofika ni asilimia 12.

Marekani, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 uliwahesabu wagonjwa 3,518. Kati ya waliostahili kila dawa, asilimia 27 hawakuwa na dawa yoyote ya nguzo ya kwanza, asilimia 33 hawakuwa na ya kutuliza mapigo, na asilimia 67 hawakuwa na spironolaktoni au ndugu yake. Waliokuwa na dozi kamili ya dawa zote tatu kwa pamoja ni asilimia 1. Moja kwa mia, katika nchi tajiri vile!

Kwa nini? Sababu zinafanana na za kwetu kuliko tunavyodhani. Muganga anaogopa tansiyo itashuka sana. Anaogopa figo, na egzame ya damu haijafanywa. Mgonjwa anasema anajisikia vizuri, basi muganga anamwacha kama alivyo. Kila mmoja anangoja mwenzake apandishe dozi: wa hospitali anasema atapandisha wa kituo, na wa kituo anaona haya kugusa alichoandika wa hospitali. Na bei nayo iko.

Woga huo una sababu, lakini nao unaua. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 14, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini zikiwemo. Wagonjwa 1,078 waligawanywa. Nusu walitibiwa kama kawaida. Nusu nyingine walipandishiwa dozi haraka baada ya kutoka hospitali, huku wakionwa na kupimwa katika wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Baada ya siku 180, kati ya waliotibiwa kama kawaida, asilimia 23 walikuwa wamekufa au wamerudi hospitali juu ya moyo. Kwa waliofuatwa karibu, ilikuwa asilimia 15. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, juu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Tuangalie vizuri: dawa zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa alirudi, akapimwa, akapandishiwa.

Wagonjwa wetu si wazee

Kitabu kile kiliandikwa zaidi kwa kuwatazama wazee wa Ulaya ambao mishipa ya moyo imeziba. Kwetu sura ni nyingine.

Kati ya mwaka 2007 na 2010, hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, ziliandikisha wagonjwa 1,006 waliolazwa juu ya moyo kushindwa. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Nusu walikuwa wanawake. Chanzo kikubwa kilikuwa tansiyo ya juu, asilimia 45. Mishipa ya moyo iliyoziba haikufika asilimia 8. Ndani ya siku 180, karibu asilimia 18 walikuwa wamekufa.

Ng'ambo ya ziwa letu, katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari walifuatilia wagonjwa 427. Huko pia tansiyo ilikuwa chanzo cha kwanza, asilimia 45, na wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Na utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliolinganisha nchi 16 za dunia, ulikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja wagonjwa 34 kwa mia wa Afrika walikuwa wamekufa. China walikuwa 7 kwa mia.

Huo ni umri wa watu wanaolisha nyumba: PDG wa shimo, mchimbaji, mama anayetwanga mawe, mama anayeuza bukari kwenye kare. Baba akilala, watoto wanatoka shuleni.

Kwa hiyo kila familia ijue milango ambayo ugonjwa huu unapitia kwetu. Wa kwanza ni tansiyo isiyopimwa. Haiumi, na mutu anaweza kuishi nayo miaka kumi akichimba. Wa pili ni uzazi: mama anaweza kuvimba na kukosa pumzi katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kuzaa, na watu wanasema ni uchovu wa mtoto. Wa tatu ni koo la mtoto: maumivu ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa ya viungo, ambayo baadaye inaharibu milango ya moyo. Huyo dawa peke yake hazitamtosha. Wengine wanahitaji upasuaji. Wa nne ni pombe kali: lotoko ya kila siku, kwa miaka, inalegeza moyo. Wa tano ni vumbi la mawe na kifua kikuu, ambavyo vinaharibu mapafu na kuuchosha upande wa kulia wa moyo.

Ndiyo maana muganga hawezi kuwapa watu wote vidonge vilevile kwa kuangalia miguu tu. Lazima ajue ni mlango gani.

Huku Fizi tunaweza?

Madaktari wa moyo ni wachache katika nchi yetu, na wanafanya kazi katika miji mikubwa. Kutoka Misisi au Lubichako hadi Lulimba, Fizi-centre na Baraka ni safari ya pikipiki au lori, na mvua ikinyesha hakuna anayejua atafika saa ngapi. Kutoka Baraka hadi Bukavu kuna barabara na usalama wake. Wengine wanavuka ziwa kwenda Kigoma. Kusema “nenda kwa daktari wa moyo” ni kama kumwambia mutu mwenye njaa aende kula hotelini.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haimngoji daktari wa moyo. Enalaprili, bisoprololi au karvediloli, spironolaktoni na furosemidi ziko zote kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Ni dawa za zamani, viwanda vingi vinazitengeneza. Nguzo ya nne ndiyo ngumu kupatikana; ikikosekana, tatu za kwanza zisingojee.

Na kuna mifano ya karibu. Rwanda, katika hospitali za vijijini za Butaro, Kirehe na Rwinkwavu, wauguzi walifundishwa kutumia ekografi ndogo kujibu maswali machache: moyo umelegea? milango imeharibika? kuna maji yanayouzunguka? Kiisha wanafuata mwongozo mfupi, wanapandisha dozi, na kesi ngumu wanampelekea mtaalamu. Mwezi wa nane mwaka 2022, kule Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha mpango unaotaka huduma za namna hiyo zifike kwenye hospitali za wilaya. Kongo ni mmoja wa wanachama wa meza hiyo. Kwa hiyo watu wa Fizi wakidai mashini ya ekografi na muuguzi aliyefundishwa, hawaombi zawadi. Wanadai kitu ambacho viongozi walikwisha kubali.

Mitego ya kwenye kare

Kuna mambo yanayovunja matibabu hata kama muganga ameandika vizuri.

Vidonge vya mgongo. Mchimbaji anaumwa kiuno kila siku, na dawa ya haraka ni diklofenaki au ibuprofeni kutoka kwenye duka la dawa. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, dawa hizo zinashika chumvi na maji mwilini na zinaumiza figo. Miongozo inazikataza. Parasetamoli ni salama zaidi, uliza kwanza.

Vidonge vya kunenepesha. Deksametazoni inayouzwa ili mutu “apate mwili” inajaza maji na kupandisha tansiyo.

Chumvi. Makayabu, ndagala zilizotiwa chumvi nyingi na kubu za mboga zinarudisha yale maji Lasix iliyotoa. Sombe bila chumvi nyingi si adhabu. Polepole ulimi unazoea.

Kikohozi. Enalaprili inawaletea watu wengine kikohozi kikavu. Mchimbaji anafikiri ni kifua kikuu, au anaacha dawa kimya. Asiache: amwambie muganga, apimwe kifua, kiisha anaweza kubadilishiwa losartani. Lakini midomo au ulimi ukivimba ghafla, hapo aache mara moja na akimbie hospitali.

Aibu. Spironolaktoni inaweza kumvimbisha mwanaume maziwa. Wengi wanaona haya, wanaitupa bila kusema. Muganga anajua jambo hili. Mwambie, kuna namna ya kurekebisha.

Kuhara. Tuko pwani ya kipindupindu, tusijidanganye. Mutu anayekunywa Lasix na enalaprili akiharisha au kutapika sana, anaweza kuharibikiwa figo upesi. Akimbie kituo cha afya akiwa na vidonge vyake mkononi, aseme anakunywa nini. Huenda vitasimamishwa siku chache, kiisha vitarudishwa.

Mimba. Enalaprili inamdhuru mtoto tumboni. Mama mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema akipata mimba, au akitaka kupata. Kwa mama aliyeugua moyo juu ya uzazi, mimba nyingine inaweza kumrudishia ugonjwa. Hilo ni mazungumzo ya mke, mume na muganga pamoja.

Kaye, mizani na maswali matatu

Dawa hizi hazinunuliwi na kunywewa bila muganga. Dozi isiyopimwa inaweza kuangusha tansiyo au kupandisha potasiamu mpaka moyo usimame. Lakini familia iko na kazi yake, na bila hiyo muganga hawezi.

Nunueni kaye. Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, mgonjwa apande mizani, uzito uandikwe. Kama nyumbani hakuna mizani, andikeni anavyolala: mto mmoja, miwili, au ameketi. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 kwa siku tatu, maji yanarudi; msingoje miguu ijae. Akikosa pumzi akiwa amekaa, akizimia, au akikohoa povu, hiyo ni safari ya usiku huohuo.

Siku ya kutoka hospitali, kabla ya kulipa pikipiki, ulizeni maswali matatu. La kwanza: “Muganga, moyo umeharibika kwa sababu gani?” La pili: “Kati ya dawa hizi, gani ni ya kutoa maji na gani ni ya kutengeneza moyo?” La tatu: “Turudi lini upandishe dozi na kupima damu?” Kama jibu la tatu ni “mkijisikia vibaya,” ulizeni tena kwa heshima: “Na tukijisikia vizuri?”

Na kwa mchimbaji mwenyewe: kabla ya kurudi kwenye kare, hesabu vidonge kama unavyohesabu chakula cha wiki. Mweleze PDG wako kwamba huwezi kubeba mifuko kama zamani. Kuna kazi za juu ya shimo. Ukiwa na feza leo, nunua dawa za mwezi, si za siku tatu, na uzinunue kwenye farmasi inayojulikana.

Mutu anayejua motopompe hawezi kuitupa siku maji yanapoisha shimoni. Anaifuta, anaipaka mafuta, anaiangalia, juu anajua maji yatarudi. Moyo nao ni hivyohivyo. Siku miguu inakauka, mgonjwa ameanza tu. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza tarehe ya kurudi.